Nyanya iliyolipishwa ushuru wa mboga

Majira ya machipuo ya mwaka 1886, shehena ya nyanya kutoka visiwa vya Karibiani ilishushwa katika bandari ya New York. Wenye mzigo walikuwa kampuni ya John Nix, wauzaji wa jumla wa matunda na mboga waliokuwa na jina kubwa katika masoko ya mji huo. Kabla ya kufika sokoni nyanya zilipita forodhani, na huko zikaandikwa kuwa mboga. Kwa neno hilo moja akina Nix walitakiwa walipe asilimia 10 ya thamani ya mzigo. Zingeandikwa kuwa matunda, wasingelipa hata senti.

Walilipa, maana nyanya haingoji mabishano ya wanasheria. Lakini walilipa huku wakiweka pingamizi, na tarehe 4 Februari 1887 wakamfungulia kesi Edward Hedden, mkusanya ushuru wa bandari, wakidai fedha zao zirudi. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikasikilizwa tarehe 24 Aprili 1893, na hukumu ikasomwa tarehe 10 Mei mwaka huohuo. Majaji wote walikuwa na kauli moja: kwa sheria ile ya ushuru, nyanya ni mboga. Ndiyo kesi iitwayo Nix dhidi ya Hedden.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha majaji wazee waliopindua elimu ya viumbe kwa rungu la mahakama. Msimulizi hucheka, msikilizaji hutikisa kichwa, na wote wawili huondoka wakiamini jambo ambalo halikutokea. Ukiisoma hukumu yenyewe, ambayo ni fupi, unakuta majaji wanakiri bila kigugumizi kwamba kwa mwanabotania nyanya ni tunda. Ubishi haukuwa juu ya nyanya ni nini. Ulikuwa juu ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo kila mtoto wa Marekani anayajua, “fruit” na “vegetable”, na juu ya nani mwenye haki ya kusema maana yake sheria inapoyatumia bila kuyafafanua. Kwa maoni yangu akina Nix hawakushindwa na majaji wasiojua sayansi. Walishindwa kwa jinsi walivyoijenga kesi yao, na zaidi ya yote kwa vinywa vya mashahidi waliowaleta wenyewe.

Sheria isiyotaja nyanya

Sheria iliyoleta mzozo ilitiwa saini tarehe 3 Machi 1883 na Rais Chester Arthur, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mkusanya ushuru wa bandari ya New York kuanzia 1871 hadi 1878. Wapinzani waliibatiza jina la ushuru chotara, kwa kuwa ilitokana na mivutano ya bungeni na haikuwaridhisha waliotaka ushuru upunguzwe wala waliotaka ubaki juu. Tukumbuke kwamba serikali kuu ya Marekani wakati huo haikuwa na kodi ya mapato. Kodi hiyo ilikuja kusimama imara mwaka 1913 baada ya katiba kurekebishwa. Forodha ndiyo iliyoilisha hazina, na ndani ya forodha hakuna bandari iliyoifikia New York. Kwa hiyo swali la kitu kiingie kwenye fungu gani lilikuwa swali la fedha, na wafanyabiashara walikuwa na mazoea ya kulipeleka mahakamani.

Katika fungu la vyakula, sheria iliandika kwamba mboga katika hali yake ya asili, au zilizotiwa chumvi au kuwekwa katika maji ya chumvi, ambazo hazikutajwa mahali pengine, zilipiwe asilimia 10 ya thamani. Katika orodha ya vitu visivyolipiwa kitu iliandikwa: matunda mabichi, yaliyoiva au makavu, ambayo hayakutajwa mahali pengine. Basi. Nyanya haikutajwa kwa jina upande wowote. Ilibaki katikati ya vifungu viwili, na vifungu vyote viwili vilikuwa na mdomo mpana wa kuimeza.

Maneno mawili yaliyozaliwa nyumba mbalimbali

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu historia ya maneno haya inaeleza kwa nini kesi kama hii ilikuwa lazima itokee siku moja, ikiwa si kwa nyanya basi kwa bilinganya.

Neno “fruit” limetoka katika Kilatini, “fructus”, ambalo nalo limetokana na kitenzi “frui”, yaani kufaidi au kustarehe kwa kitu. Asili yake basi ni faida: kile unachokipata na kukifurahia kutoka shambani, kwenye mifugo, hata kwenye mtaji. Wanasheria wa Roma walilitumia kwa maana hiyo, na hadi leo haki ya kufaidi mali ya mwingine bila kuimiliki ina jina lenye mzizi huo katika mifumo mingi ya sheria za Ulaya. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne nyingi liliweza kubeba mazao yote ya ardhi bila kubagua. Baadaye wataalamu wa mimea wakalishika wakalinyoosha kwa ajili ya kazi yao. Kwao ni sehemu ya ua inayobeba mbegu, ikishakomaa. Kwa kipimo hicho nyanya ni tunda, tango ni tunda, bamia ni tunda, boga, pilipili hoho na ganda la njegere vilevile. Hata punje ya mahindi ni tunda kamili kwa mwanabotania, na kwa hiyo anayekula ugali anakula unga wa matunda. Sijamwona mtu aliyeagiza hivyo hotelini.

“Vegetable” lina safari ya ajabu zaidi. Kilatini cha baadaye kilikuwa na “vegetabilis”, kitu chenye uwezo wa kukua na kuhuisha, kutokana na kitenzi cha kutia uhai na nguvu. Lina undugu na neno “vigor”, nguvu. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 15, lilisifu chochote kinachoishi na kukua kama mmea. Kisha likawa jina la mmea wowote ule, mbuyu na mkindu kwa pamoja, ndiyo maana Waingereza waligawa viumbe na vitu vya dunia katika milki tatu za wanyama, mimea na madini wakilitumia neno hili kwa mimea yote. Maana ya jikoni, ya mmea unaolimwa ili upikwe na kuliwa, ilikuja kukaa sawasawa karne ya 18 tu. Sheria ya 1883 ilipoandikwa, maana hiyo ilikuwa na umri wa miaka mia moja na ushei. (Jambo la kustaajabisha: neno lililoanza kwa maana ya kujaa uhai ndilo Kiingereza cha leo humwitia mgonjwa aliyepoteza fahamu kabisa, asiyejitambua.)

Angalia sasa tofauti. Neno la kwanza, kwa mtaalamu, linajibu swali la kiungo: hiki ni sehemu gani ya mmea? Neno la pili linajibu swali la matumizi: hiki kinaliwaje? Botania haina kundi linaloitwa mboga. Mchicha ni jani, karoti ni mzizi, koliflawa ni shada la maua yasiyochanua, kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi, bilinganya ni tunda. Wote hawa wanakutana sufuriani na kwingineko hawana ukoo. Kwa hiyo kuuliza kama nyanya ni tunda au mboga ni kama kuuliza kama fulani ni mwanamke au ni mwalimu. Anaweza kuwa vyote viwili bila kujipinga. Tatizo ni kwamba sheria ya ushuru haina nafasi ya vyote viwili: mzigo lazima uandikwe mstari mmoja.

Na “tomato”? Neno hili halikuletwa na Mrumi wala Mnormani. Ni la Wanahuatl, watu wa Meksiko ya kati, waliosema “tomatl” kwa matunda ya jamii hii na “xitomatl” kwa jamii nyekundu tunayoijua. Wahispania waliuangusha utawala wa Waazteki mwaka 1521, wakarudi na mbegu na jina, wakalisema “tomate”. Waingereza walianza kwa umbo hilohilo la Kihispania karne ya 17, kisha mwisho ukageuka kuwa o, yaelekea kwa kuiga “potato”, kiazi, ambacho nacho kilitoka Amerika. Katikati ya njia hiyo majina ya kupanga yalikuwa mengi. Waingereza na Wafaransa waliiita tofaa la mapenzi, Waitaliano wakaiita na bado wanaiita “pomodoro”, tofaa la dhahabu. Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, mwaka 1753 aliiweka katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Solanum pamoja na kiazi mviringo na mnavu. Philip Miller, mwanabotania wa Uingereza, mwaka 1768 akaihamishia jenasi ya Lycopersicon, jina la Kigiriki linalomaanisha pichi la mbwamwitu. Tofaa, tofaa, pichi. Majina ya zamani yalikuwa upande wa akina Nix yote, na hakuna hata moja lililotajwa katika ushahidi uliohifadhiwa kwenye hukumu.

Kesi iliyoendeshwa kwa kamusi

Kilichotokea mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia walioitwa kuamua kesi, huko New York ni mojawapo ya mashauri makavu kuliko yote niliyowahi kuyasoma. Wakili wa akina Nix alisimama akasoma kwa sauti tafsiri ya maneno “fruit” na “vegetables” kutoka kamusi za Webster, Worcester na Imperial. Kisha akawaita mashahidi wawili, watu waliokuwa wameuza matunda na mboga kwa miaka 30. Baadaye akasoma kutoka kamusi maana ya “tomato”.

Wakili wa Hedden hakuleta shahidi. Alifungua Webster akasoma maana ya njegere, bilinganya, tango, boga na pilipili. Wakili wa akina Nix akajibu kwa kusoma Webster na Worcester juu ya kiazi, tanipu, parsinipu, koliflawa, kabichi, karoti na haragwe. Hapo ushahidi ukafungwa.

Ukisoma haraka unaona watu wazima wanasomeana kamusi. Ukituliza macho unaona mchezo. Kila kitu alichosoma wakili wa Hedden hubeba mbegu ndani yake au ni mbegu yenyewe, na kila kimoja huitwa mboga na kila mama sokoni. Ujumbe wake kwa mahakama ulikuwa: ikiwa mbegu ndiyo inayoitoa nyanya kwenye mboga, itoeni na njegere pia, tuone kitakachobaki. Wakili wa akina Nix akataka kuonyesha kinyume chake, kwamba mboga za kweli ni mizizi, majani na mabua. Orodha yake ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye haragwe. Haragwe ni mbegu. Kwa kulitaja miongoni mwa mboga alikuwa ametoboa mtumbwi wake mwenyewe, na Mahakama ya Juu haikukosa kuliona tundu hilo, kwani mwaka 1889 katika kesi ya Robertson dhidi ya Salomon ilikuwa imekwisha kuamua juu ya maharage meupe. Mwagizaji wa maharage alitaka yaitwe mbegu. Jaji Joseph Bradley aliandika kwamba kwa lugha ya botania ni mbegu kweli, kama ilivyo kokwa ya jozi, lakini katika biashara na katika maongezi ya kawaida si hivyo. Mezani, yawe yamechemshwa au yameokwa au yamefanywa supu, yanaliwa kama mboga.

Ila jeraha lenyewe lilikuwa kwa mashahidi. Kanuni ya mahakama za Marekani katika mashauri ya ushuru ilikuwa wazi na ya siku nyingi: neno la sheria huchukua maana yake ya kawaida, isipokuwa ithibitishwe kwamba katika biashara lina maana maalumu. Mlango pekee wa kuikimbia maana ya kawaida ulikuwa huo wa biashara. Mashahidi wa miaka 30 sokoni ndio hasa waliostahili kuufungua. Wakaulizwa kama maneno hayo yana maana maalumu katika biashara tofauti na zile zilizosomwa kwenye kamusi.

Wa kwanza alijibu kwamba kamusi haitaji kila kitu lakini iko sahihi kwa kadiri ilivyofika. Akasema anavyoelewa yeye, katika biashara “fruit” hutumika tu kwa mimea au sehemu za mimea zenye mbegu. Hapo akina Nix lazima walitabasamu. Lakini akaongeza kwamba maneno hayo yana maana ileile leo kama ilivyokuwa Machi 1883, na kwamba mboga ni nyingi kuliko zilizoorodheshwa katika Webster, ambazo huenda zinaingia katika yale maneno ya mwisho ya kamusi, “na nyinginezo kama hizo”. Wa pili alikuwa mfupi na mbaya zaidi kwao: hakufikiri kwamba maneno hayo yalikuwa na maana yoyote maalumu katika biashara ya nchi ile tofauti na ya kamusi.

Mlango ukafungwa kwa ndani. Mahakama ikaelekeza baraza litoe uamuzi kwa upande wa Hedden.

Kwa nini wakili aliwaita? Nadhani hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa na mantiki: kamusi inasema tunda ni kile chenye mbegu, mashahidi wanasema biashara inaifuata kamusi, basi katika biashara nyanya ni tunda. Alichokosea ni kuidhania kamusi kuwa shahidi. Alijenga hoja nzima juu ya kitabu, akasahau kwamba majaji nao walikuwa wakizungumza Kiingereza tangu utotoni na hawakuhitaji kufundishwa lugha yao.

Jaji Gray na meza ya chakula

Jaji Horace Gray wa Massachusetts ndiye aliyeandika hukumu. Alianza kwa kuiweka kamusi mahali pake. Maneno yasiyo na maana maalumu ya kibiashara, alisema, huchukuliwa kwa maana ya kawaida, na maana ya kawaida mahakama inapaswa kuijua yenyewe bila kuthibitishiwa. Kamusi hupokelewa si kama ushahidi bali kama msaada wa kumbukumbu na uelewa wa mahakama. Kwa sentensi hizo chache, nusu nzima ya kesi ya akina Nix iliyeyuka.

Kisha kikaja kifungu ambacho wengi hukinukuu nusu. Nakieleza pande zake zote mbili: kwa lugha ya botania, nyanya ni tunda la mmea unaotambaa, kama yalivyo matango, maboga, maharage na njegere. Lakini katika lugha ya kawaida ya watu, wawe wauzaji au walaji wa vyakula, hizi zote ni mboga zinazolimwa katika bustani za jikoni, na zikiliwa mbichi au zimepikwa, hupakuliwa, kama viazi, karoti, kabichi na saladi, pamoja na supu, samaki au nyama ambazo ndizo sehemu kuu ya mlo, au baada yake, na si kama kitindamlo, kama yalivyo matunda kwa kawaida.

Msomaji wa Kiswahili hapa ana nafasi nzuri ya kumwelewa Gray kuliko Mmarekani wa leo. Nyumbani kwetu Tanzania bara, mtu akiuliza “leo mboga nini?” anaweza kujibiwa dagaa, maharage, kisamvu, hata nyama ya ng'ombe. Mboga ni kile kinachoshushia ugali au wali. Hakuna aliyewahi kuuliza dagaa ana mbegu au hana. Gray alikuwa akielekea kipimo cha namna hiyo, cha nafasi ya chakula kwenye mlo, ingawa yeye alibaki ndani ya mimea na asingekubali samaki awe mboga.

Hata hivyo hukumu ina udhaifu ambao wanaoisifu huupita kimya. Lugha ya watu, sawa, lakini watu gani? Mlo wa supu, kisha samaki, kisha nyama, kisha kitindamlo ni meza ya mwenye nafasi. Hakuna shahidi aliyesema jinsi vibarua wa bandarini walivyokula nyanya zao, kama walizipika au walizing'ata kama tofaa, wakiwa wamesimama. Jaji alisema mahakama inajua, na ilichokijua ni kilichopakuliwa nyumbani kwa majaji. Safari hii huenda walikuwa sahihi, kwa kuwa Wamarekani wengi wakati huo waliona nyanya kuwa kitu cha sufuria na sahani ya chumvi. Lakini njia yenyewe ni ya hatari, kwa sababu jaji asiyejua hajui kwamba hajui.

Pia palikuwa na hoja nyingine ambayo ningetamani kuiona ikipiganiwa kwa nguvu. Mwaka 1887, mahakama hiyohiyo katika kesi ya Hartranft dhidi ya Wiegmann ilihukumu juu ya makombe ya baharini yaliyosafishwa kwa asidi na kung'arishwa: je, yamekuwa bidhaa iliyotengenezwa, au bado ni makombe tu? Ikasema bado ni makombe, na ikaongeza kwamba hata kama pangekuwa na shaka, shaka ingemwendea mwagizaji, kwa kuwa raia hatozwi ushuru kwa tafsiri zenye utata. Kama kuna neno katika sheria ya 1883 lililokuwa na utata, ni haya mawili. Kamusi zilivutana, shahidi mwenyewe alivutana nafsini mwake. Lakini kanuni hiyo huamka pale tu jaji anapokiri kuwa na shaka, na hukumu ya Gray iliandikwa na mtu asiyekuwa nayo.

Pamoja na hayo, ningekuwa mmoja wa wale majaji ningepiga kura pamoja nao. Sheria ya ushuru huandikwa kwa ajili ya afisa aliyesimama gatini na mwenye mzigo aliyesimama mbele yake, nao wanahitaji kuelewana bila kupasua ua na kuchunguza mbegu. Botania ikitawala forodha, bamia na pilipili vinageuka matunda, na mboga inabaki jina la majani na mizizi peke yake. Hakuna mbunge wa 1883 aliyedhamiria hivyo.

Baada ya hukumu

Jambo linaloonyesha kwamba kipimo cha Gray hakikuwa hila ya kukusanya fedha ni kwamba kiliweza kumnufaisha mwagizaji vilevile. Mwaka 1947, mahakama ya forodha ya Marekani iliyokaa Buffalo iliulizwa juu ya rubabu, mmea wa nchi za baridi ambao kinacholiwa ni bua lake jekundu lenye ukali. Kwa botania hakuna mjadala, bua si tunda. Lakini Wamarekani hulipika kwa sukari na kulitia kwenye pai baada ya chakula. Mahakama ikatazama meza, ikasema ni tunda, na ushuru ukashuka.

Ulaya ilifika mahali pale kwa njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 kuhusu jemu linatamka kwamba, kwa madhumuni ya agizo hilo, nyanya, mabua ya rubabu, karoti, viazi vitamu, matango, maboga, matikiti na matikiti maji vinahesabiwa kuwa matunda. Karoti imo kwa sababu Wareno hutengeneza jemu ya karoti na hawakutaka inyimwe jina la jemu. Watu hulicheka agizo hili kama wanavyoicheka kesi ya Nix, na kwa kosa lilelile: halisemi karoti ni tunda, linasema ndani ya chupa ya jemu ihesabiwe hivyo.

Huko Marekani majimbo yameamua kila moja kwa ladha yake. Tennessee iliifanya nyanya tunda rasmi la jimbo mwaka 2003, Ohio ikafuata mwaka 2009. Arkansas, mwaka 1987, ilikwepa ugomvi kwa kuitangaza nyanya yake ya waridi kuwa tunda na mboga rasmi kwa pamoja. Oklahoma ndiyo iliyokwenda mbali: mwaka 2007 ililitangaza tikiti maji kuwa mboga ya jimbo, kwa hoja kwamba ni la jamii moja na tango.

Forodha zenyewe ziliacha kulitegemea neno tupu. Mkataba wa mfumo wa pamoja wa kuainisha bidhaa ulitiwa saini Brussels mwaka 1983, miaka 100 kamili baada ya ushuru chotara, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na orodha ya ushuru wa pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imejengwa juu yake. Sura ya 7 ni ya mboga, sura ya 8 ni ya matunda. Nyanya mbichi imetajwa kwa jina lake, namba 07.02. Tango liko 07.07, na tikiti maji, ndugu yake wa damu, limepelekwa kwenye matunda, 08.07. Zeituni mbichi, inayozaliwa juu ya mti na yenye kokwa ndani, iko kwenye mboga. Parachichi, ambalo wengi wetu tunalila kwa chumvi pamoja na wali, liko kwenye matunda. Ukilitafutia orodha hiyo kanuni moja ya botania hutaipata, wala ukiitafutia kanuni moja ya mezani. Mwenye mzigo wa nyanya kutoka nje ya Jumuiya akifika Mombasa au Dar es Salaam leo, anaangalia namba, anaangalia kiwango, analipa.